Triko ya Mama Sifa

Dzaleka, Jumamosi asubuhi

Mama wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa. Na kama umeshakaa usisimame, baki hivyo hivyo umenyoosha miguu. Najua dada yangu mkubwa, Yaya Neema, ndiye atakayekusomea, kwa sababu ya macho yako, kwa hiyo nawe Yaya nakusalimia, na nakuomba usiruke mahali popote. Soma yote, hata pale utakapoona ni afadhali kunyamaza.

Kifua kinaendeleaje? Kile kikohozi cha wakati wa mvua kiliisha, au bado unakunywa yale majani ya shangazi na kusema umepona? Habari za mji tunazisikia huku kila siku, nami sitaziandika, maana barua inapita mikono mingi. Nauliza tu: mnalala? Mnakula? Bomba la pale chini kwenye ngazi linatoa maji?

Atakayewaletea barua hii ni mdogo wake mke wa pasta wetu. Alikuja kumtembelea dada yake, sasa anarudi Bukavu. Ni mtu mwaminifu, anacheka sana, mpe chai.

Sisi huku tuko. Mkwe wako Papa Josue anawasalimia. Mgongo unamsumbua tangu alipoanza kazi ya kufyatua matofali, lakini anakula vizuri. Josue amenipita kwa urefu. Anaongea Chichewa kama aliyezaliwa kijiji cha jirani, na akikasirika njo anakumbuka Kiswahili. Aline ameota meno ya mbele, makubwa kama ya mjomba wake Dodo alipokuwa mdogo. Mwambie Dodo nimesema hivyo.

Masini yangu ya kushona bado ninayo, ile ya kukanyaga kwa mguu niliyoipata tulipokuwa na chumba kule Kauma, mjini Lilongwe, kabla wakimbizi hatujaambiwa turudi huku kambini Dzaleka. Sasa iko barazani. Asubuhi nashona sare za kwaya, mapazia, zipu za suruali zilizokataa kufunga. Baada ya chakula nafuma triko, ambazo wengine huku wanaziita sweta. Sindano zangu ni spoki mbili za baiskeli ambazo Papa Josue alizinoa kwenye jiwe. Wewe ulitufundisha kwa spoki, na mimi mpaka leo nikipewa sindano za dukani vidole havinitii. Kazi ya kufuma haikosi, maana miezi hii ni ya baridi. Upepo wa huku Dowa unatoka mbali, hauna mti wa kuuzuia, unaingia ndani kama mtu wa nyumbani.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike badala ya kungoja simu yako ya Jumapili.

Unamjua Mama Sifa kwa masikio, nimekutajia mara nyingi. Ni yule mtu wa Uvira, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Tulifika Dzaleka naye wiki ileile, tukalala banda moja la wageni, tukapika kwenye sufuria moja, yeye na wanawe watatu na sisi. Mumewe alifia njiani. Tulipopewa mahali pa kujenga, tukajenga milango ikitazamana. Dosiye zetu, yale mafaili ya kupelekwa nchi nyingine, zilifunguliwa mwezi mmoja, tukaitwa kuhojiwa siku mbili zinazofuatana. Kwa hiyo kichwani mwangu, Mama, tulikuwa tunakwenda pamoja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijipangia mwenyewe, mpaka nikaona nyumba mbili huko Kanada, nazo milango inatazamana.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, akaitwa. Alivuka njia bila viatu, akanishika mabega.

"Mama Josue, tunaenda," akasema. "Banasema tunaenda, mi na batoto yote."

Nikamkumbatia, nikapiga vigelegele, majirani wakatoka. Furaha ile haikuwa ya uongo. Nataka uiamini, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Kesho yake nikaenda kuulizia yetu. Nilipanga foleni tangu asubuhi mpaka saa saba. Mtu aliyenipokea alikuwa mpole. Akaangalia kompyuta, akaniuliza jina mara mbili, kisha akasema yetu haikukubaliwa, na barua itakuja. Barua ikaja, karatasi moja tu. Papa Josue aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akarudi kwenye matofali yake.

Jumapili ile ukapiga simu. Ulikuwa umeshasikia habari ya Mama Sifa, ukamshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha ukaniuliza, "Na nyinyi, mwana wangu?" Nikakujibu, "Yetu iko njiani, Mama."

Ulikuwa uongo. Haiko njiani. Nimeukalia miezi yote hii, na kila Jumapili nauongezea kidogo: mara wametupigia, mara tunangoja daktari. Yaya, mstari huu njo nilikuwa naogopa utauruka.

Sasa endelea kunisikiliza, usilie kwanza.

Mama Sifa alipopewa habari ya safari, watu walimwambia kwamba baridi ya kule inakula masikio. Akaja kwangu na sahani ya samaki wadogo wakavu, kama sambaza wa kwetu.

"We njo utatuvalisha," akasema. "Sitaki kuenda na triko ya kaunjika. Nataka triko ya mukono ya mutu mi najua."

Kaunjika ni jina la huku la nguo zilizovaliwa na Wazungu, zinazouzwa kwa marundo sokoni. Nikamwambia triko zake zitatoka kwenye kaunjika vilevile, ila hatazitambua. Njo tunavyofanya. Uzi mpya wa sufu hatuuwezi, basi tunachagua triko zenye tundu au doa ambazo hakuna anayezitaka, tunazifumua kuanzia shingoni, tunaosha uzi, tunautundika na kufungia jiwe chini ili unyooke, halafu tunauzungusha kuwa madonge. Sufu ile ilikuwa imetoka kwenye baridi, na mimi nilikuwa nairudisha huko.

Nilimwahidi triko nne, zawadi yangu kwao. Nikaanza na ya Sifa, ya kijani, yenye shingo ndefu ya kukunja, maana ni msichana mkubwa sasa na hapendi kuonekana mtoto. Kisha za wadogo zake wawili, nikaziacha ndefu mikononi wapate kukulia ndani yake. Hizo tatu nilizifuma bila shida. Wakati mwingine niliimba.

Shida ilianza kwenye ya mama yao. Nikishika sindano, mkono unakaza, vitanzi vinabana kama vimeogopa. Mara ya kwanza nilifuma urefu wa kiganja kimoja nikaona nimehesabu vibaya, nikafumua. Mara ya pili ilitoka nyembamba, nikafumua. Mara ya tatu haikuwa na kosa lolote, Mama. Ilikuwa imefika kwapani, nzuri, mistari imelala sawasawa. Nikaitazama, nikamwona amevaa, anatembea kwenye barabara ambayo mimi sitaiona, nikavuta uzi. Ilifumuka yote mpaka chini, haikuchukua hata dakika tano.

Papa Josue hasemi sana, unamjua. Siku hiyo alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye kizingiti, akawa anabandua udongo kwenye miguu.

"Ile triko ya Mama Sifa iliisha?" akauliza.

"Bado."

"Jana ilifika kwa kwapa. Leo naona donge."

"Nilikosea."

Akaendelea kubandua udongo. "Mi pia niko na hasira, Mama Josue," akasema. "Lakini matofali naacha yakauke."

Akaingia ndani kuoga. Mimi nikabaki na lile donge mapajani, nikaona aibu, na aibu haikunisaidia kufuma.

Wiki ile ile nilikuwa na kazi ya kupeleka Lilongwe. Nina mteja mtaa wa Area 18, Mai Phiri, mwalimu aliyestaafu, ambaye namshonea tangu tukiwa Kauma. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa, akaniagiza shali nyeupe ya kumfunikia. Nikaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda. Alinikaribisha sebuleni, akaifungua ile shali juu ya meza, akapitisha kidole kwenye ukingo wote, kama mtu anayesahihisha daftari. Mwishoni akasema, "Zikomo, amayi," ndiyo asante mama, akaleta chai na viazi vitamu.

Kwenye mfuko wangu spoki zilikuwa zimechomoza, akauliza namfumia nani. Nikamwambia rafiki yangu, anakwenda Kanada na watoto wake.

"Na ninyi?" akauliza.

Nikamjibu, "Anatikana." Maana yake, walitukataa. Mama, neno hilo sikuwa nimelitoa kinywani bado kwa Kiswahili. Papa Josue aliisoma barua, hakunisomea. Wewe nilikudanganya. Mama Sifa nilimwambia tunangoja. Njo nikalisema kwanza kwa lugha ya wenyeji, kwa mtu ambaye sikumkosea chochote.

Mai Phiri hakunipa pole. Alinijazia kikombe, akaenda chumbani, akarudi na sanduku la karatasi. Ndani mlikuwa na uzi wa sufu, mpya, ambao dada yake aliuacha alipofariki. Rangi yake ilikuwa ya mchuzi wa mawese. Akasema mikono yake yeye imekufa ganzi, haifumi tena, na hapendi panya waufanye kiota.

Nilirudi Dzaleka Alhamisi jioni. Mama Sifa alikuwa amesimama mlangoni pangu, si pake.

"Bamebadilisha siku," akasema. "Si wiki ya mwisho wa mwezi tena. Ni Jumatatu."

Nikaweka sanduku chini. Nilikuwa nimechoka, na nadhani uchovu njo ulionisaidia, maana sikuwa na nguvu ya kupanga maneno.

"Triko yako haipo," nikamwambia.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mulango yako inatazama yangu. Kila siku naona unafuma, kisha naona unafumua."

Aline alitaka kutoka nje, nikamrudisha.

"Dosiye yetu ilikataliwa," nikasema.

"Hiyo pia najua. Siku ulitoka kuuliza, ulipita kwangu bila kuniita. Tangu tumejuana hujawahi pita bila kuniita." Akakaa kwenye kiti changu cha masini. "Sikukuuliza kwa sababu niliogopa utaniambia. Sasa nikuambie ya kwangu. Kama ingekuwa mi njo nabaki, hata hizi za batoto singefuma."

Nikacheka, naye akacheka, kisha tukaacha, kwa sababu kicheko kilikuwa kinataka kugeuka.

"Na mama yako," akaniuliza, "utamwambia lini?"

Nikamsogezea sanduku. Akalifungua, akatoa donge la uzi, akaliweka kwenye shavu.

"Tuko na siku tatu," akasema. "We fuma mwili na mukono moja. Mukono wa pili nitafuma mwenyewe."

"Hujawahi kushika sindano."

"Nitashika."

Papa Josue akatafuta spoki nyingine mbili, akazinoa pale pale. Basi Mama, siku zile tatu zilikuwa hivyo: mimi barazani kwangu nafuma bila kuinua macho, na Mama Sifa pembeni yangu amekunja uso, ulimi umetoka kidogo, anahesabu kwa sauti. Watu walikuwa wanakuja kumuaga. Wanamkuta anafuma, wanakaa kwenye mkeka, wanamwombea, naye anasema amina huku anatafuta kitanzi kilichomponyoka. Nilimfundisha aina moja tu ya kitanzi, ile rahisi uliyotuanzishia wewe. Vya kwake vilitoka vikubwa, kimoja kimekaza na kingine kimelegea, na kila mstari ulipata wageni ambao hakuna aliyewaalika. Mkono ule ukawa unapanuka na kurefuka.

Jumamosi nikamwambia, "Nipe niurekebishe kidogo hapa juu."

"Usiguse," akasema.

Jumapili baada ya ibada nikaunganisha. Nilishona mabega, nikashona mbavu, nikaupachika mkono wangu upande wa kuume na wake upande wa kushoto. Mkono wangu haukukaza safari hii. Sijui kama nilikuwa nimesamehe kitu au nilikuwa tu na haraka. Sikuwa na mtu wa kumsamehe, hakuna aliyenikosea, na nadhani njo maana ilikuwa ngumu.

Jumatatu asubuhi walikusanyika mahali pa basi, watu wengi wenye mifuko, wengine wanaimba. Mama Sifa alikuwa ameivaa. Upande wa kuume ilimkaa vizuri, mkono umeishia pale unapotakiwa. Upande wa kushoto ilimfunika vidole vyote na ikabaki.

"Mama, unafanana mutu anaficha kitu," Sifa akamwambia.

"Naficha," akajibu.

Akanishika mkono humo ndani ya mkono wa triko, mahali ambapo hakuna aliyeona, tukasimama hivyo mpaka jina lake likasomwa. Hatukusema maneno makubwa. Aliniambia sufuria zake nimpe mjane wa mtaa wa pili, na kwamba bati la jikoni linavuja upande wa mashariki. Kisha akapanda. Sikulia pale. Nililia Jumatano nikiosha vyombo, hata sikuwa namfikiria.

Nyumba yake sasa wanakaa Warundi, bibi na bwana wenye mtoto mchanga. Ni watu wazuri. Mlango wao wanaufunga mapema.

Mama Sifa alifika salama. Nilidhani atanitumia foto za theluji na maduka, kama wengine, na nilikuwa nimejiandaa kuzitazama. Lakini ananitumia foto za kufuma. Amenunua sindano, anaendelea. "Mama Josue, hii tundu imetoka wapi?" Naikuza foto kwenye simu, natafuta, kisha namwambia arudi mistari miwili. Wakati mwingine anabisha. Juzi aliniambia ana upweke, kwamba anaweza kumaliza wiki bila mtu kumwita kwa jina la mtoto wake. Sikufurahia kusikia hivyo, Mama. Nakuandikia hilo kwa sababu kuna siku ningefurahia.

Basi sasa naomba mambo mawili. La kwanza, kanisani. Najua umewaambia kina mama wa kikundi tunaondoka, na wanatuombea safari kila Ijumaa. Waambie waache kuomba safari. Kama wanataka kuomba, waombee mgongo wa Papa Josue. La pili ni Dodo. Yaya aliniambia kwamba ulimkataza kujenga kile chumba cha nyuma, eti "Mwanangu Faida akifika ng'ambo atatuma, tutajenga nyumba nzima." Mama, mwache kaka yangu ajenge. Ana mke sasa. Ajenge kwa mbao alizo nazo.

Mimi na Papa Josue tumeongea. Aliitoa ile karatasi kwenye Biblia tukaisoma pamoja, neno kwa neno, tukairudisha. Inawezekana siku nyingine mlango utafunguka, inawezekana hapana. Kwa sasa tunaishi hapa. Wanawake wanne wanakuja barazani kwangu Jumatano kujifunza kufuma, mmoja wao ni yule Mrundi wa mbele. Mai Phiri amewaambia jirani zake wa Area 18 kuhusu shali, na wawili wameshaagiza. Nachoka, lakini ni uchovu wa kawaida.

Huyu mgeni amekubali kubeba mfuko. Nisalimie Yaya, ambaye amebeba nyumba nzima mgongoni; kofia ya zambarau ni yake, akiivaa kanisani asiseme ni ya kwangu, wataniagiza wote. Nisalimie Dodo na mkewe, ambaye sijamwona hata kwa foto. Soksi ndogo za njano ni za huyo mtoto wanayemngoja, na mnisamehe nikikosea ukubwa, maana mguu wa mtoto asiyezaliwa nimeukisia kwa kidole gumba changu. Nisalimie shangazi wa kule Panzi mwenye majani yake ya dawa, na jirani yetu fundi viatu aliyenipa buti za kukimbilia. Kitambaa cha meza chenye maua pembeni ni cha kina mama wa kikundi. Nilikishona mwenyewe kwa mkono. Mpe kiongozi wao siku utakayowaambia yale niliyokuomba, ili wawe na kitu cha kushika.

Triko ya bluu ni yako. Utaona ina vifungo mbele, kutoka shingoni mpaka chini, na utasema Faida amesahau, mimi nilimfundisha za kuvaa kwa kichwani. Sikusahau. Yaya aliniambia kwamba tangu mwaka jana mkono wako wa kushoto haupandi tena kupita bega, na kwamba ulimkataza asiniambie ili nisiwe na wasiwasi. Kwa hiyo tulikuwa tunafichana, wewe huko na mimi huku, kila Jumapili kwenye simu, tukiulizana habari na kujibizana nzuri. Sijakasirika, Mama. Nawe usinikasirikie.

Ivae leo. Ingiza mkono wa kushoto kwanza, polepole, kisha Yaya akufungie vifungo.

Ni mimi mwanao,
Faida